Sauti ya simu haitoshi kwenye amplifaya ya nyumbani: pa kuitafuta na namna ya kuiongeza

Dalili yake inajulikana. Redio ya FM ya amplifaya ikifunguliwa robo tu, sebule inajaa. Ukihamia AUX, ulikochomeka simu au kicheza muziki kidogo, unazungusha volyumu mpaka robo tatu na bado aliye jikoni hajui wimbo gani unapigwa. Wengi wakifika hapo hukimbilia dukani kununua kiongeza sauti. Usinunue bado. Mara nyingi sauti ipo, ila inapotelea njiani, na kiongeza hakichagui: kitakuza muziki pamoja na huo uharibifu wake.

Tuanze na namba, maana ndizo zitakazokuonyesha kama unadai haki yako au unadai miujiza.

Deki ya CD ya nyumbani hutoa takriban volti 2 wimbo unapofika kileleni. Tundu la hedifoni la simu au MP3 hutoa kidogo kuliko hapo, mara nyingi kati ya nusu volti na volti moja, kwa sababu kazi yake ni kusukuma vispika vidogo vilivyo ndani ya sikio. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Ulaya vimebanwa zaidi, kwa kuwa kuna kanuni za kulinda masikio ya msikilizaji. Adapta ya Apple ya USB-C kwenda tundu la hedifoni, ile inayouzwa Marekani, hutoa karibu volti 1. Ya Ulaya, kwa umbo ni ileile, hutoa karibu nusu yake. Kwa hiyo ukinunua kifaa cha mtumba kilichotoka huko, usishangae.

Kutoka nusu volti hadi volti 2 ni mara nne, yaani desibeli 12. Sikio lakini lina hesabu yake: desibeli 10 ndizo linazozisikia kama sauti imeongezeka maradufu. Maana yake simu ya nusu volti itasikika chini kidogo ya nusu ya CD, volyumu ikiwa palepale. Ni pungufu, lakini si kimya. Na amplifaya nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zinahitaji milivolti 150 hadi 200 tu kwenye AUX ili zitoe nguvu zao zote. Nusu volti inazidi hapo. Ukiwa na amplifaya ya aina hiyo na bado muziki unasikika kwa mbali, simu haina kosa. Kuna kitu kinaila sauti. Sabufa za siku hizi na redio ndogo za mezani ni habari nyingine, nyingi zimepangwa zikitegemea DVD au king'amuzi, na hizo kweli zinaweza kuhitaji msaada.

Jambo moja la usalama kabla ya kugusa chochote. Kufungua volyumu robo tatu kwa ajili ya simu dhaifu hakuiunguzi amplifaya. Kinachounguza spika ni kusahau volyumu hapo juu kisha kubofya FM, au kuchomoa na kuchomeka pini wakati kila kitu kimefunguka. Teremsha volyumu kwanza, kila mara.

Hatua ya kwanza: jua mkosaji ni nani

Chomeka hedifoni kwenye simu, cheza wimbo uleule. Kama masikioni sauti ni kali na safi pande zote mbili, chanzo ni kizima. Kisha chukua kifaa kingine chenye matundu mekundu na meupe nyuma, king'amuzi au deki ya DVD, ukiunganishe kwenye AUX ileile. King'amuzi weka sauti yake hadi mwisho kwa rimoti, maana wengi husahau kwamba nacho kina volyumu yake. Kikivuma vizuri, amplifaya nayo ni nzima, na kilichobaki ni waya au mipangilio. King'amuzi nacho kikinong'ona, ugonjwa uko ndani ya amplifaya, na hakuna kiongeza kitakachouponya.

Hatua ya pili: tundu

AUX, LINE IN, CD, TUNER na TAPE PLAY ni ndugu. Yote yanapokea kiwango kimoja, kwa hiyo AUX ikiwa imeharibika unaweza kutumia TAPE PLAY bila wasiwasi. Lakini TAPE REC, LINE OUT na PRE OUT ni matundu ya kutolea. Ukichomeka simu humo utasikia kimya, au muziki hafifu unaopenya kwa kuvuja, nawe ukadhani sauti ni ndogo. Angalia pia kitufe cha TAPE MONITOR kwenye uso wa amplifaya. Kikiwa kimebonyezwa, amplifaya inasubiri deki ya kaseti na haitasikiliza kingine.

PHONO ndiyo mtego mkubwa. Tundu hili lilitengenezwa kwa ajili ya sindano ya santuri, ambayo hutoa milivolti chache tu, kwa hiyo ndani yake kuna kikuza cha karibu mara mia pamoja na kichujio kinachoinua besi na kushusha sauti nyembamba. Ukichomeka simu humo utapata sauti kubwa papo hapo, na ndiyo sababu watu hulipenda. Sikiliza vizuri: besi imevimba, maneno ya mwimbaji hayaeleweki, na kila kilele kinapasuka. Tundu la MIC la sabufa, lile la karaoke, lina kasoro ileile ya kupasua, na juu yake hukupa upande mmoja tu wa muziki.

Wenye mifumo ya spika tano na sabufa waangalie jambo jingine. Nyuma kuna kundi la matundu sita la DVD, kila tundu na spika yake. Ukiweka nyekundu na nyeupe kwenye FR na FL (mbele kulia na mbele kushoto) humo, spika mbili tu ndizo zitakazoimba, na sabufa itabaki bubu. Hamia kwenye jozi iliyoandikwa AUX.

Hatua ya tatu: waya, na hapa usiharakishe

Waya unaoutaka una pini ya milimita 3.5 upande mmoja na vichwa viwili vya RCA upande wa pili, nyekundu kulia, nyeupe au nyeusi kushoto. Itazame pini. Inapaswa kuwa na mistari miwili inayoigawa sehemu tatu: kushoto, kulia na ardhi, yaani njia ya pamoja ya kurudishia umeme. Pini yenye mistari mitatu ni ya hedifoni zenye maiki, au ni waya wa kamera ya video. Ukiutumia huo wa kamera, nyaya zinaweza kukutana mahali pasipo pake na sauti ikatoka nusu au ikatoka tupu. Pini yenye mstari mmoja ni ya upande mmoja, na huunganisha upande wa kulia na ardhi.

Kuna kipimo kimoja kinachofichua ubovu wa waya upesi kuliko mita ya umeme. Cheza wimbo unaoufahamu vizuri. Kama ngoma na vinanda vinasikika kwa mwangwi, lakini mwimbaji ametoweka au yuko mbali mno, ardhi ya waya haijagusa. Sababu ni hii: sauti ya mwimbaji kwa kawaida imewekwa sawasawa kushoto na kulia. Ardhi ikikatika, spika zinabaki kusikia tofauti kati ya pande mbili, na vilivyo sawa vinafutana. Wengi hupeleka amplifaya kwa fundi kwa kosa hili, wakati kilichotakiwa ni kusukuma pini ifike mwisho.

Kwa nini haifiki mwisho? Kasha la simu ni mnene na linazuia shingo ya pini, livue ujaribu. Au tundu limejaa vumbi la mfukoni. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mti, ukwangue taratibu na kutoa, usitie sindano wala pini ya chuma.

Nyaya za zamani zilizouzwa kwa ajili ya kurekodi kutoka redio kwenda tundu la maiki nyingine zina rizista ndani ya kichwa chake, zimetengenezwa makusudi kupunguza sauti. Ukirithi boksi la nyaya za mzee, hizo zimo. Ama kununua waya wenye dhahabu kwa bei ya kiatu, siushauri. Waya wa kawaida wenye vichwa vinavyokaza na shaba ya kutosha unafanya kazi ileile.

Hatua ya nne: mipangilio ndani ya simu

Fungua sauti ya media yote. Simu nyingi zina ukomo wa sauti uliofichwa kwenye mipangilio ya sauti. iPhone inao chini ya usalama wa hedifoni, iPod za zamani zilikuwa nao, na Samsung inao pia. Uondoe kwa muda wa kutumia amplifaya, urudishe ukivaa hedifoni.

Kisha iangalie programu ya muziki. Sound Check ya Apple na usawazishaji wa sauti wa Spotify hushusha nyimbo kali ili zilingane na zenye sauti ya chini. Kwenye Spotify kuna viwango vitatu, chagua cha juu au uzime kabisa. Ikwalaiza nayo izime. Ukiinua besi ndani ya simu, programu nyingi hushusha kila kitu kingine ili kupata nafasi, na zile zisizoshusha hupasua. Besi na trebo vipo kwenye amplifaya, vitumie hivyo.

Programu za dukani zinazojiita viongeza sauti vya asilimia 200 sizipendi hata kidogo. Wimbo wa kidijitali una dari. Nyimbo nyingi za kisasa tayari zinaigusa, na ukizisukuma zaidi vichwa vya mawimbi vinakatwa. Unachopata ni ukali wa kukwaruza ambao mtu huudhania kuwa ni nguvu. Kinachofaa ni tofauti: kama una mafaili ya zamani ya taarabu au rumba yaliyonakiliwa kutoka kaseti kwa sauti ya chini, MP3Gain kwenye kompyuta huinua kila faili kwa vipande vya desibeli 1.5 bila kuubana upya muziki wake, na inakuonya likikaribia kupasuka.

Kwa Bluetooth, simu na kipokezi huweza kuwa na volyumu mbili tofauti. Fungua zote mbili. Kwenye Android, ndani ya mipangilio ya wasanidi (Developer options), kuna swichi ya kuzima volyumu ya pamoja, nayo huzitenganisha.

Hatua ya tano: kwepa tundu la hedifoni

Kama njia imenyooka na bado unahitaji zaidi, dawa ya kwanza ni kuchukua sauti kabla haijapita kwenye kikuza kidogo cha hedifoni. iPod zenye tundu pana la chini la pini 30, lililoanza mwaka 2003, hutoa sauti ya laini humo, haifuati volyumu na ni safi kuliko ya tundu la juu. Unahitaji waya wake maalumu, na mitumba bado ipo.

Kwa simu, chukua DAC ya USB, yaani kifaa cha kugeuza sauti ya kidijitali kuwa umeme unaoeleweka na amplifaya. Ile ya mezani yenye matundu ya RCA kwa kawaida hufika volti 2, sawa na deki ya CD, na hapo habari yote inaishia. Adapta fupi ya USB-C ni nafuu, ila kuna aina mbili sokoni: zenye chipu ndani, na zilizo waya mtupu ambazo hufanya kazi na simu chache tu. Muulize muuzaji, na ujaribu palepale kaunta. Ile ya Apple ikichomekwa kwenye Android nyingi hutoa sauti ndogo, kwa kuwa simu haifungui volyumu iliyo ndani ya adapta. Programu ya USB Audio Player PRO huifungua.

Hatua ya sita: kiongeza

Kanuni ni moja: ongeza mwanzoni mwa njia, karibu na simu, kabla waya mrefu haujaokota kelele. Chaguo langu ni mixa ndogo, za aina wanazotumia kwenye makanisa madogo na shughuli za mtaani. Haipotezi thamani, fundi yeyote anaijua, na ina taa za kukuonyesha kiwango. Simu iingie kwenye chaneli ya stirio iliyoandikwa LINE, si kwenye maiki. MAIN OUT iende AUX ya amplifaya. Weka amplifaya chini. Cheza wimbo mkali kuliko yote uliyonayo, fungua simu yote, kisha inua geini (kirungu cha ukuzaji) ya chaneli mpaka taa zicheze kwenye sifuri na nyekundu iwake kwa nadra au isiwake kabisa. Ndipo uipandishe amplifaya. Ukisikia mkwaruzo sasa, rudisha simu nyuma kipande kimoja au viwili. Baadhi ya vicheza muziki vya bei nafuu hupasua vyenyewe vikifika mwisho.

Amplifaya ndogo ya hedifoni inafaa pia, mradi iwe na betri yake.

Kisichofaa ni kile kibao kidogo cha PAM8403 kinachouzwa kwa bei ya soda. Ni amplifaya ya spika, na nyaya zake zote mbili za kutolea zina umeme. Hakuna hata mmoja ulio ardhi. Ukiuunganisha mmoja na ardhi ya AUX, unaweza kukiunguza. Mtu akikuambia alikifunga kikafanya kazi, muulize kilidumu muda gani.

Kwa mwenye chuma cha kulehemu

Kiongeza safi unaweza kukijenga kwa IC (chipu) moja ya TL072, inayopatikana Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi bila kutafuta sana. Ina vikuza viwili ndani, kimoja kushoto, kimoja kulia.

Umeme: betri mbili za volti 9. Chanya ya moja unganisha na hasi ya nyingine, na hapo katikati ndipo ardhi ya saketi yote. Chanya iliyobaki iende mguu wa 8, hasi iliyobaki mguu wa 4. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kutoka kila mmoja wa miguu hiyo kwenda ardhi, karibu kabisa na IC. Swichi lazima ikate betri zote mbili kwa pamoja. Ukikata moja, nyingine itaendelea kuisha na IC itasukuma umeme upande mmoja.

Upande wa kushoto: kutoka kwenye pini ya simu pitia kapasita ya mikrofaradi 1 isiyo na chanya na hasi, ufike mguu wa 3. Kutoka mguu huo weka rizista ya kiloomu 47 kwenda ardhi. Kutoka mguu wa 2 weka kiloomu 10 kwenda ardhi, na kiloomu 33 kwenda mguu wa 1. Mguu wa 1 ndio wa kutolea. Pitisha kwenye rizista ya omu 100, kisha RCA. Upande wa kulia rudia vilevile ukitumia miguu ya 5, 6 na 7 badala ya 3, 2 na 1.

Ukuzaji ni moja kujumlisha 33 gawanya kwa 10, yaani mara 4.3. Nusu volti inatoka volti 2 na ushei. Ikizidi mahitaji yako, badilisha 33 iwe 22, upate mara 3.2. Usiende juu ya hapo kwa tamaa. Amplifaya yenyewe inaweza kupasua mlangoni kabla volyumu haijagusa kitu.

Kabla ya kuunganisha na amplifaya, washa, weka mita kwenye volti za DC, upime kila RCA dhidi ya ardhi. Inapaswa kusoma karibu sifuri, milivolti chache tu. Ikisoma volti kadhaa, kuna mguu umekosewa. TL072 inakula miliampea 3 hivi, betri zitakaa. Fungia vyote kwenye kopo la chuma, chuma kikiwa kimeunganishwa na ardhi.

Mngurumo

Ukishaongeza sauti, kelele zilizokuwa zimelala huamka. Uvumo mzito usiobadilika ni wa umeme wa ukutani, hertzi 50 na ndugu zake. Chomoa chaja ya simu. Ukinyamaza, chaja na amplifaya zinakutana kwenye ardhi kwa njia mbili, na unaweza kusikiliza kwa betri ya simu au kununua kitenganishi chenye transfoma ndogo ndani, cha kuweka kwenye waya wa AUX. Vile vya bei nafuu hupunguza besi kidogo. Uvumo wa shhh ambao haubadiliki hata ukisitisha wimbo ni wa geini iliyozidi: shusha mixa, pandisha simu.

Na kama hatua ya kwanza ilionyesha kuwa AUX yenyewe ni dhaifu, au upande mmoja hukatika ukigusa swichi ya kuchagua vyanzo, zima amplifaya, zungusha swichi hiyo mara nyingi huku na huku, kisha jaribu tena. Kutu nyembamba kwenye migusano hutoka kwa njia hiyo. Isipotoka, inahitaji dawa ya kupulizia ya kusafishia migusano, na kifuniko kufunguliwa na mtu anayejua kapasita zipi bado zina umeme ndani. Ukienda kwa fundi mweleze FM inasikikaje, king'amuzi kilisikikaje kwenye AUX, na kama mwimbaji anasikika au ametoweka. Hapo ataanzia kwenye swichi badala ya kukubadilishia IC ya nguvu iliyo nzima.